Aliyepona Kitanzi Arudi kwa Nani?

Wenyeji wa Kilwa Kivinje huwaonyesha wageni mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, na jina lenyewe laeleza yaliyotendeka hapo. Ndipo Wajerumani walipowatundika watu waliowahesabu kuwa waasi. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Miaka 10 baadaye, tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba ya Nandete na vita ya Maji Maji kulipuka. Hatuwataji watu hao ili kuyapima matendo yao. Kazi hiyo ni ya wanahistoria. Twawataja kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni upesi wa kamba. Hukumu za siku zile zilitolewa na maofisa wa vita, na baina ya hukumu na kamba hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama na kusema: ngojeni, huenda tumekosea.

Mambo ya sasa si hayo, na yafaa tuyajue jinsi yalivyo kabla ya kuyasemea. Mtu wa Kilwa, Lindi, Liwale au Nachingwea akishitakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, husomewa shitaka lake katika mahakama ya chini, kisha shauri lenyewe hupelekwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Dhamana hapati. Hukaa rumande mpaka upelelezi ukamilike na kikao kipangwe, na kungoja huko kwaweza kuchukua miaka, si miezi. Asipokuwa na fedha ya wakili, hupewa mmoja kwa gharama ya serikali. Akipatikana na hatia, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza haikumwachia jaji hiari ya kuchagua: adhabu iliyoandikwa ni moja, kunyongwa mpaka afe. Baadaye rufani huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambako majaji 3 huupima upya ushahidi wote. Hapo nako akishindwa, limebaki tumaini la huruma ya Rais kwa mujibu wa Ibara ya 45 ya Katiba.

Tangu mwaka 1994 hakuna mtu aliyenyongwa katika nchi yetu. Mwezi Septemba 2017 Rais John Magufuli alitamka mbele ya watu wote kwamba kutia sahihi karatasi ya kumnyonga mtu ni jambo asiloliweza. Wengi husikia hayo wakadhani kwamba habari imekwisha. La, haijakwisha. Mahakama zimeendelea kuhukumu kifo, na mamia ya watu wamelala kila usiku chini ya kamba isiyoshuka wala kuondolewa. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo pasipo kutazama hali ya mshitakiwa yavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kwavunja utu wa mtu. Tanzania iliagizwa kuiondoa sharti hiyo katika sheria zake ndani ya mwaka 1. Mwaka ukapita, sharti ikabaki. Na katika mwezi ule ule wa Novemba serikali yetu ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lililowaruhusu raia kuiendea mahakama hiyo moja kwa moja. Twayaandika haya bila ya kuyaongezea neno, msomaji ana akili zake.

Lakini somo letu la leo halihusu hasa kunyongwa. Lahusu mtu aliyehukumiwa kufa kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha akapona. Je, huyo arudi wapi, na arudi kwa nani?

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda, maana huko lilitokea shauri ambalo lafaa kusimuliwa katika kila nyumba. Edward Edmary Mpagi, kijana wa upande wa Masaka, alihukumiwa kufa mwaka 1982, yeye na binamu yake, kwa kumwua mtu wa kijijini kwao. Mtu huyo hakuwa amekufa. Angalieni vema: hatusemi kwamba aliuawa na mwingine. Twasema alikuwa hai, akila na kulala kama sisi. Mpagi mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya mashitaka ulikuwako uhasama wa jamaa mbili, na kwamba mahakamani alisimama hata daktari aliyedai kuuchunguza mwili wa marehemu. Binamu yake aliugua akafia gerezani mwaka 1985, wala hakuona siku ya haki yake. Mpagi alibaki Luzira, katika sehemu ya waliohukumiwa kufa, akiwahesabu wenzake waliotolewa na wasirudi. Habari kwamba huyo aitwaye marehemu yu hai ziliwafikia wakubwa, na hata hivyo mlango haukufunguliwa upesi. Alitoka mwaka 2000, baada ya miaka 18 na zaidi.

Sasa tupige hesabu. Mwezi Aprili 1999, katika gereza lile lile la Luzira, walinyongwa watu 28. Mpagi alikuwa humo. Kama jina lake lingewekwa katika orodha ile, leo pangekuwako kaburi la mtu asiye na hatia, na mtu aliyedaiwa kuuawa angaliweza kupita kando ya kaburi hilo akienda sokoni. Ndipo twaona kwamba ule ucheleweshaji ambao watu huulalamikia, wakisema muuaji alishwa bure kwa kodi zetu, ndio uliomwokoa huyu. Chini ya Mwembe Kinyonga asingalipona.

Tena, alitokaje? Alitoka kwa msamaha wa Rais. Hapo ndipo twaomba msomaji asimame kidogo. Neno msamaha ni jema, na sisi Wakristo twalipenda. Lakini msamaha ni wa aliyekosa. Mtu aliyesamehewa kosa ambalo hakulitenda amefunguliwa mlango, ila jina lake limeachwa ndani. Serikali haikusema, Tulikukosea, ilisema, Tumekuhurumia. Jirani aliyetaka kuendelea kumwita muuaji alibakiziwa njia ya kufanya hivyo.

Msiseme kwamba hayo ni ya Uganda. Kwetu, anayefunguliwa na Mahakama ya Rufani hapewi msamaha, hupewa hukumu kamili kwamba hatia yake imefutwa. Hilo ni bora mara nyingi. Lakini sikilizeni jinsi watu wasemavyo barazani: “Ametoka kwa ujanja wa wakili.” “Serikali imekosa ushahidi tu, lakini sisi twamjua.” “Pafukapo moshi pana moto.” Mtu aliyekamatwa mchana kweupe, akapandishwa garini mbele ya watoto wake na kijiji kizima kikitazama, arudi jioni kwa basi, peke yake, ana mfuko wa plastiki mkononi. Wakati wa kukamatwa mashahidi walikuwa mia. Wakati wa kurudi hapana hata mmoja.

Yafaa basi tujue ni kwa njia gani asiye na hatia hufika kwenye hukumu ya kifo, maana asiyeijua njia hiyo huona ajabu mtu akiachiliwa, naye hudhani pamefanyika hila.

Njia kubwa kuliko zote ni macho ya usiku. Tufanye mfano. Watu wavamia nyumba katika kijiji kimoja cha pwani saa 8 za usiku, mwenye nyumba auawa, mkewe apona. Ndani ilikuwako taa ndogo ya betri, nje mbalamwezi hafifu. Asubuhi mjane huyo asema alimtambua fulani, jirani waliyegombana naye mwaka jana juu ya mpaka wa shamba la mikorosho. Hasemi uongo! Ameona umbo, ameogopa, na moyo wake umelitia umbo lile sura ya adui anayemjua. Kadiri anavyoulizwa ndivyo anavyozidi kuwa na hakika, na siku ya kesi, baada ya miaka 3, hakika yake ni kama jiwe. Mahakama zetu zaijua hatari hiyo tangu zamani. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya, katika shauri la Abdallah bin Wendo, juu ya kumtia mtu hatiani kwa macho ya shahidi mmoja wakati mazingira ya kuona yalikuwa magumu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani, iliweka maswali ambayo mpaka leo mawakili huyajua kama watoto wajuavyo Baba Yetu: shahidi alimtazama mshitakiwa kwa muda gani, toka umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na je, alimfahamu kabla ya hapo? Ushahidi wa kutambua kwa macho, wakasema majaji, ni dhaifu, na usitegemewe mpaka kila nafasi ya kukosea iwe imeondolewa.

Mtu akiachiliwa kwa sababu ya maswali hayo, watu husema ameponea katika sheria. Maneno hayo si haki. Ameponea katika ukweli kwamba hakuna aliyemwona.

Njia nyingine ni kukiri. Mwananchi wa kawaida huuliza: kama hakuua, mbona alisema ameua? Jibu ni kwamba mtu aliyewekwa mbali na jamaa yake, aliyetishwa, au aliyepigwa, au aliyechoka tu, husema lile litakalomaliza mahojiano. Mwaka 1967, katika shauri la Tuwamoi lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifundisha kwamba maungamo yaliyokanushwa na mshitakiwa yapokewe kwa tahadhari kubwa, na jaji aridhike kwanza kwamba ni ya kweli katika hali zote za shauri lile. Twalitumia neno maungamo kwa kuwa ndilo la mahakamani; lakini Mkristo asilichanganye na Kitubio, ambako mtu hujishitaki kwa hiari yake na wala hapatikani mwenye kuandika.

Pia kuna njia ya uvumi. Mtoto akifa ghafla, au mzee akakutwa amekufa njiani, mara nyingi ukoo huanza na adui, kisha hutafuta ushahidi wa kumfuata adui huyo. Badala ya kuuliza nani ameua, huuliza nani alitutakia mabaya. Na palipo na tuhuma za uchawi, jambo hilo huwa baya maradufu, maana jina huwa limekwisha kutajwa kabla ya polisi kufika. Upelelezi ulioanzia kwa jina ni vigumu kuliacha jina hilo.

Wakatoliki tunayo kumbukumbu ya shauri la namna hiyo katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Suzana alihukumiwa kufa kwa ushahidi wa wazee wawili walioheshimiwa, watu wa baraza, na mkutano wote ukawasadiki kwa sababu ya mvi zao. Kijana Danieli hakutoa muujiza. Alifanya jambo ambalo kila hakimu aweza kulifanya: aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alimwona Suzana akifanya dhambi. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mti mwingine. Basi. Yafaa kukumbuka kwamba Suzana alikuwa tayari njiani kwenda kuuawa, na kwamba katika umati ule wote alipatikana mtu mmoja tu wa kupiga kelele.

Mshitakiwa wa pwani naye ana shida yake ya pekee, ambayo watu wa mijini hawaifikiri. Tuseme ni mvuvi, na usiku ule wa mauaji alikuwa baharini upande wa Songosongo pamoja na wenzake 4. Utetezi wake ni huo: sikuwapo. Sheria yamtaka autangulize utetezi huo mapema, na wenzake waje Mtwara kuuthibitisha. Lakini wavuvi hufuata dago. Baada ya miaka 3 mmoja yuko Mafia, mwingine Msumbiji, wa tatu amekufa, na wa nne aogopa kuingia mahakamani asije naye akatiwa ndani. Mshitakiwa yuko rumande, hawezi kuwatafuta. Nani atawatafuta? Ni jamaa yake. Kwa hiyo twasema kwa jamaa yoyote yenye mtu rumande: msingojee kikao. Andikeni leo majina ya waliokuwa naye, chombo gani, ufuko gani, na simu zao, mkampe wakili. Karatasi moja iliyoandikwa katika wiki ya kwanza ina nguvu kuliko machozi ya mwaka wa tatu.

Sasa turudi kwa yule aliyetoka.

Huko Ujapani yuko mzee Iwao Hakamada, aliyezaliwa mwaka 1936 na kuwa bondia katika ujana wake. Alikamatwa mwaka 1966 kwa mauaji ya jamaa ya watu 4 katika mkoa wa Shizuoka. Alihojiwa siku nyingi mfululizo, mwishowe akakiri, kisha akakana mahakamani. Alihukumiwa kufa mwaka 1968. Mwaka 1984, akiwa katika chumba cha waliohukumiwa, alibatizwa katika Kanisa letu. Alitolewa gerezani mwaka 2014, na tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ilitamka kwamba hana hatia, na kwamba ushahidi mkubwa wa shauri lake, nguo zenye damu, ulikuwa umetengenezwa na wapelelezi wenyewe. Mkuu wa polisi wa Shizuoka alikwenda nyumbani kwake, akainama mbele yake, akaomba radhi. Mwaka 2025 aliamriwa alipwe fidia, yen milioni 217 na zaidi.

Yote hayo ni mema, na twatamani yangaliigwa. Lakini mzee huyo aliishi miongo mingi peke yake, kila asubuhi akisikiliza kama hatua za walinzi zitasimama mlangoni pake, na akili yake haikurudi yote. Alipofika nyumbani alikuwa akitembea saa nyingi humo chumbani, huku na huko, kama aliye bado katika chumba cha gereza. Aliyemlea ni dada yake Hideko, mkubwa kuliko yeye kwa umri, aliyempigania tangu siku ya kwanza. Fedha ya serikali ilikuja baada ya miaka 58. Dada alikuwapo miaka yote 58.

Marekani nako, ambako huhesabu mambo hayo kwa makini, tangu mwaka 1973 mpaka 2024 watu 200 waliohukumiwa kufa wamefutiwa hatia. Majimbo mengine yana sheria ya kuwalipa, mengine hayana.

Kwetu je? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, wasema katika Ibara ya 14 kwamba mtu aliyetumikia adhabu kwa hukumu ya mwisho, kisha jambo jipya likathibitisha kwamba haki ilipotoka, alipwe fidia kwa mujibu wa sheria. Lakini somo maneno hayo polepole: yamtaja yule ambaye hukumu yake ilikuwa ya mwisho. Mtu aliyekaa miaka 12 rumande na gerezani, kisha akashinda rufani yake ya kawaida, haingii humo kwa urahisi. Aweza kufungua madai dhidi ya aliyemshitaki kwa hila, ila sharti athibitishe kwamba mashitaka hayakuwa na sababu ya maana na kwamba yalifanywa kwa nia mbaya. Yule mjane wa mfano wetu hakuwa na nia mbaya. Basi aliyetoka hadai kwa mtu. Amepata haki yake, na hana nauli.

Kanisa limekwisha kusema neno lake juu ya adhabu yenyewe. Katekisimu, namba 2267, kama ilivyorekebishwa kwa agizo la Papa Fransisko mwezi Agosti 2018, yafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa yashambulia heshima ya mtu. Wako Wakatoliki wema wanaotatizwa na fundisho hilo, hasa waliofiwa, na hatuwashutumu. Mwenye kufiwa ana haki ya kulia na haki ya kudai muuaji wa kweli apatikane. Lakini na wao wakumbuke kwamba asiye na hatia akiadhibiwa, muuaji wa kweli yuko nje, na marehemu wao hajatendewa haki.

Katika nyumba ya aliyerudi kuna mambo ambayo sheria imeyagusa tayari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huhesabu kifungo cha maisha, au cha miaka 5 na zaidi, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Basi mke aweza kuwa ameachana naye mahakamani, na kuolewa. Tusimlaumu haraka mwanamke huyo: aliachwa na watoto, na jina la mke wa muuaji, na pengine shamba lenye wagomvi. Ikiwa ndoa yao ilikuwa ya Kanisa, kifungo hakikuivunja, na jambo hilo liletwe kwa paroko kwa upole, lisiamuliwe na majirani kisimani. Watoto nao wana kilio chao. Aliyekuwa na miaka 4 sasa ana 16, na huyu anayeitwa baba hamjui. Shuleni ameitwa mwana wa mnyongwaji. Asilazimishwe kumkimbilia na kumkumbatia siku ya kwanza.

Mpagi, alipotoka, hakukaa kimya. Alirudi magerezani akiwa mtu huru ili kuwafariji waliobaki, alisimama pamoja na watu waliopigania kufutwa kwa adhabu ya kifo nchini mwake, kama vile Padre Tarcisio Agostoni wa Shirika la Wakomboni alivyofanya, na huko kwao alijishughulisha na elimu ya watoto wa wafungwa. Twamsifu. Lakini tusimfanye awe kipimo cha wote. Wengi hutoka wakiwa wamevunjika, hawataki kuonwa, hawalali usiku, huogopa mlango ukifungwa kwa kishindo. Mtu asidaiwe kuwa shujaa ndipo apokewe.

Tunalo pendekezo moja, nalo si la gharama kubwa. Hukumu ya rufani ni karatasi ya serikali, na hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani siku hizi hupatikana bure katika mtandao. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi aliyefunguliwa aombe nakala yake. Jumuiya yake ndogo, au kama ni Mwislamu, basi jirani zake wa msikitini, maana pwani yetu ni ya wote, wamtafute mwalimu au wakili aieleze kwa Kiswahili. Kisha mwenyekiti wa kijiji aite mkutano, na hukumu isomwe kwa sauti pale pale alipokamatwa: kwamba shahidi fulani hakuweza kuona, kwamba maungamo hayakuaminika, kwamba majaji 3 wamefuta hatia na kuamuru aachiliwe. Ibara ya 13 ya Katiba yasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Asiyethibitishiwa hatia hana hatia, hakuna daraja la tatu katikati liitwalo “tumemwachia tu.” Jamaa ya marehemu wapewe habari mapema kwa heshima, kabla ya mkutano, na padre, katekista au shehe wao akae nao, wasije wakayasikia hayo kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Na tena habari ya shamba, ambayo watu huiona ndogo. Mkorosho huzaa kila mwaka, mwenyewe awepo asiwepo. Mtu akifungwa, ndugu yake huokota korosho za mwaka wa kwanza kwa kuwatunza watoto, za mwaka wa pili kwa kumlipa wakili, na kufikia mwaka wa kumi huziokota kwa kuwa amezoea. Sheria ya Ukomo wa Mashauri imeweka miaka 12 ya kudai ardhi, na kesi ya mauaji pamoja na rufani zake yaweza kuila miaka hiyo karibu yote. Basi jamaa yenye mtu gerezani wafike ofisi ya kijiji katika mwaka ule ule wa kwanza, wakiwa na wazee wawili wa mipaka, wakaandikishe kwamba shamba ni la fulani, liko mikononi mwa fulani kwa amana tu, lina mikorosho kadha wa kadha. Mtendaji atie sahihi na mhuri, na nakala moja apelekewe mwenyewe gerezani siku ya kumtembelea.